Mkwe Aliyeshuka Kwenye Folda Zilizofichwa Kuziokoa Alama za Marehemu

Sogeeni, enyi wenye masikio, nanyi wenye kazi za kufanya, wekeni chini sindano, zimeni redio, mwamsheni na yule anayesinzia kochini, kwa maana nataka kuwasimulia vita visivyomwaga damu ila jasho, na jasho lenyewe lilidondokea kibodi. Nawe ulimi wangu, usiteleze kabla hatujafika penye vumbi.

Palikuwa na fundi friji, Mkwe Mkuu, Mtuliza Kompresa, Bwana wa Bisibisi, ambaye Jumapili moja, akiwa ameshiba kupita kiasi, alitamka sebuleni kwa mama mkwe wake maneno yasiyorudishika. "Mama," alisema, "kuhamisha mchezo kutoka kompyuta hii kwenda ile ni kufumba na kufumbua. Niachieni mimi."

Mchezo wenyewe ulikuwa wa karata, wa kucheza peke yako, nao ulikaa ndani ya kompyuta kuukuu ya Windows pembeni ya kabati la vyombo. Juu kabisa kwenye safu ya washindi lilisimama jina moja, Baba, yaani marehemu baba mkwe. Chini yake Mama, Mama, Mama, mpaka mwisho wa ukurasa. Tangu mzee azikwe, mjane wake aliketi pale kila baada ya chakula kumfukuzia, wala hajamfikia. Lakini feni ya mashine ilikuwa imekata roho, mashine ikawa inachemka na kujizima, na binti mkubwa alileta laptop iliyostaafishwa ofisini kwao, yenye Linux badala ya Windows, na mchezo uleule. Mama mkwe aliufungua, akaiona safu ya washindi ni tupu, akakifunga kifuniko. "Bila yeye nacheza na nani?" aliuliza.

Basi shujaa akachomeka flashi, akaikamata picha ndogo ya mchezo iliyokaa mbele ya kioo, akainakili kwa madaha ya mtu aliyekwisha kushinda, akaivusha hadi kwenye laptop, akabonyeza. Hakuna kilichofunguka. Alikuwa amebeba kibao cha mlangoni akidhani amebeba nyumba.

"Mkwe," alisema mama mkwe, "umeniletea picha."

"Mama, jeshi hutanguliza bendera," alijibu, na masikio yakamwaka moto.

Mashine kuukuu ikajizima. Walipoiwasha tena, mama mkwe alichukua mfuniko wa sufuria, akaketi ubavuni mwa mashine, akaanza kuipepea kama mgonjwa. Mke wa shujaa, kitinda mimba wa nyumba ile, akaikamata simu yake na kusoma maelekezo kwa sauti ya tarishi wa kifalme: ingia folda ya mtumiaji, kisha Library, kisha Application Support. Shujaa akaisaka Library hiyo juu na chini, akapekua picha za harusi, akapekua risiti za umeme, akakutana na barua aliyowahi kumwandikia mkewe wakati wa uchumba na kuipita haraka, lakini Library hakuiona.

"Samahani, mume wangu," mkewe alisema mwishowe. "Haya ni maelekezo ya kompyuta za Mac."

"Tuna Mac humu ndani?"

"Hatuna."

Mashine ikajizima tena, na safari hii ilichukua muda kuamka, ikikoroma. Mama mkwe aliendelea kupepea, na shujaa alipomwona anavyopepea, mzaha ukamtoka na hofu ikamwingia. Akaiinamia mashine akafikiri kwa akili aliyonayo, akili ya friji. Friji mbele ni mlango na taa. Kinachofanya kazi kimewekwa nyuma, penye vumbi, mwenye nyumba asije akakichokoa.

Ndipo aliposimama na kunena. "Mke wangu, sikia. Mama, usiache kupepea. Tunachokitafuta hakikupotea. Kimefichwa makusudi, ili watu kama mimi tusikiguse."

"Hapo umesema kweli," mama mkwe alisema.

Akaiamuru mashine ionyeshe vilivyofichwa, na tazama, kati ya folda zilizozoeleka ikajitokeza moja iliyopauka, jina lake AppData. Akashuka humo, akaingia Roaming, akazipita programu zilizosahauliwa na wenyewe, akaikuta folda yenye jina la mchezo, na ndani yake faili moja dogo. Akalinakili. Akachomoa flashi. Mashine ikashusha pumzi, ikajizima, na mpaka leo haijawaka.

Kwenye laptop hapakuwa na AppData, lakini sasa Mtuliza Kompresa alikwisha kuijua desturi ya falme hizi, kwamba kila ufalme una uani wake. Mkewe naye alikwisha kupata ukurasa wa kweli. "Linux inaficha kwa nukta mwanzoni mwa jina," alisema. "Funga mchezo kwanza, usije ukaandika juu ya faili la Baba. Halafu bonyeza Ctrl na H." Zikafufuka folda za nukta, akaingia .local, akaingia share, akalilaza faili mahali pake. Alipolifungua kulihakiki, mkewe akachungulia.

"Kumbe ni maandishi tu. Mama, si tukuongezee alama kidogo umpite? Nani atajua?"

Mama mkwe aliuweka mfuniko chini. "Atajua yeye. Ukimgusa baba yako hata alama moja, chakula cha jioni utakula kwenu."

"Kwetu ni hapa, Mama."

"Basi hutakula."

Wakafungua mchezo. Baba alikuwa juu, palepale pake, na Mama wote wakiwa wamejipanga chini yake. Nyumba nzima ilicheka kwa furaha, hata shujaa akajikuta anafuta macho kwa kitambaa chake cha kufutia grisi. Mama mkwe alivaa miwani, akacheza, akashindwa vibaya.

"Amenipiga tena," alisema, akitabasamu mpaka miwani ikapanda. "Mkwe, sogea, unanizibia mwanga."

Basi na ikumbukwe katika vizazi vyote vya watumiao kompyuta kwamba Jumapili ile fundi friji alizama katika folda zisizoonekana za falme mbili, akapotea akisaka ufalme wa tatu, wa Mac, akaibuka na faili dogo kuliko picha ya paka. Naye akasogea, kama alivyoambiwa, na nyuma yake karata za mchezaji mmoja zikaanza kugawiwa upya, kwa watu wawili.