Wapangaji wa Tumbo la Erasto

Jumatatu, 2 Juni 1997

Kitangari. Usingizi sina. Erasto ana mwaka na nusu, na tangu apone surua haipiti wiki bila kuharisha. Mstari wa kadi yake ya kliniki unateremka kama njia yetu ya kwenda bondeni kuchota maji.

Leo kaja Daktari Bibiana, mtafiti. Anasema tumboni mwa mtoto mna vijidudu vingi, kama wapangaji. Wema wakijaza vyumba, wabaya wanakosa pa kulala, na mtoto anapata kinga. Anataka kujua kama togwa, uji wetu wa kuchachusha, inaleta wapangaji wema. Watoto kumi na wawili: sita wanywe togwa kila siku, sita uji mtupu, na togwa kwao marufuku. Tukaokota vizibo vya soda kwenye kikapu. Chekundu togwa, cheupe uji.

Mimi cheupe! Jirani yangu Mama Ziada, ambaye mwanawe hajapata hata mafua, chekundu. Akakibandika kwenye paji la uso ili nikione vizuri.

Nimeahidi mbele ya mizani kufuata masharti.

Jumatano, 4 Juni

Nimempelekea Mama Ziada mzigo mzima wa kuni tubadilishane vizibo. Kakataa. Kasema soko huria ni la korosho, si la bahati. Kuni kabaki nazo.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata akili. Togwa nitapika mwenyewe. Mtama ninao, kimea ninacho. Sina chachu tu, ile togwa ya jana ya kuchachushia. Na chachu hainyimwi! Bibi zetu wote walisema: anayemnyima mwenzie chachu, chungu chake hakichachi tena. Hata adui unampa.

Nikaenda na bakuli kwa Mama Ziada. Nikasema ni ya Baba Erasto. Akauliza tangu lini Marko anakunywa togwa, maana harusini aliitemea mgongo wa shemeji yake. Nikasema watu hubadilika. Akanipa huku anaguna. Angefanyaje?

Jumamosi, 7 Juni

Kuna mdomo hapa kijijini. Alfajiri kaja mke wa Bartholomayo na bakuli. Kisha Mama Dorika. Kufika adhuhuri wamekuja wote watano wa kundi letu la uji. Chachu hainyimwi. Nimewapa, na kila mmoja nimemwapisha asimwambie mtu.

Jumatatu, 16 Juni

Siku tisa Erasto hajaharisha! Mashavu yamerudi. Leo kalala kifuani kwangu saa nzima, nami nikamtazama tu, maji sijachota. Kikopo cha choo chake cha kupimwa vijidudu nimepeleka kliniki kwa moyo mweupe. Mama Ziada alipomkuta anakunywa, nikasema ni uji wenye ndimu.

Ijumaa, 27 Juni

Aibu.

Daktari karudi na majibu, katuita kliniki na watoto. Kasema ajabu, watoto wote kumi na wawili wana wapangaji wale wale, kama ndugu wa tumbo moja. Akauliza kwa upole nani wa kundi la uji kanywa togwa. Tukatazama chini. Mimi nilitazama sana.

Basi Erasto, ambaye hata mama hajui kusema, akaona jagi mezani, akapiga kelele. Togwa! Togwa! Na wale watoto watano wenzake wa uji wakaitikia, kama kwaya.

Daktari akauliza chachu ilitoka wapi. Wenzangu wakanitazama mimi. Mimi nikamtazama Mama Ziada. Yeye akasema kumbe Baba Erasto ana vinywa sita.

Daktari hakutugombeza. Afadhali angegombeza. Alivua miwani, akasema bila watoto wasiokunywa hana cha kulinganisha, na bila ushahidi wizara haitamsikia, na watoto wa vijiji vingine wataendelea kuharisha. Iliniuma. Nimeapa upya, kwa dhati, nikiwa nimemshika Erasto mdomo.

Jumatatu, 14 Julai

Tumeanza upya. Nimeokota chekundu! Erasto atakunywa togwa kihalali, wala sina haja ya kumdanganya mtu. Mama Ziada cheupe. Sikubandika usoni. Nilikishika juu tu, kidogo.

Ila safari hii kundi la uji linapewa sukari kila wiki, ili kinamama wasinung'unike. Sukari!

Jioni kaja Mama Ziada na bakuli. Nikamwambia wazi: utafiti ni utafiti, tumeapa, tuwaonee huruma watoto wa vijiji vingine. Akasema ni kweli kabisa. Akafungua pindo la khanga. Sukari, vikombe viwili.

Sasa chachu hainyimwi, hilo halina mjadala. Na togwa yenye sukari Erasto anaipenda mno.

Kosa la mara ile nimeliona. Nilimpeleka kliniki na kiu. Safari hii nitamshibisha kabla hatujatoka, na Mama Ziada naye kaahidi kumshibisha wake.