Nilivyokwenda kufunga "portes ouvertes"

Leo nimeaibika. Tena si kidogo, na mbele ya binti yangu. Kaeni niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani wa mtaani kwetu Bel-Air, maana wale wataongeza chumvi.

Mnanijua, mimi ni seremala. Milango, madirisha, vitanda. Shule niliiachia darasa la sita la msingi. Kifaransa changu ni cha vipimo vya mbao na cha kumsalimia padri. (Kumsalimia tu. Akijibu kwa kirefu, naitikia "oui" mpaka achoke.)

Binti yangu Clarisse yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na mwaka huu anafanya Examen d'État, ule mtihani wa taifa. Vitabu hana. Ananakili vya rafiki yake, na nyumbani anasomea kwenye meza moja na wadogo zake wanne na redio ya mama yao. Nikimwangalia moyo unaniuma. Ningekuwa na uwezo wa kuchonga kitabu cha kemia kwa mbao, ningekuwa nimeshakichonga.

Juzi akaja na karatasi kutoka maktaba ya chuo kikuu. (Jina la chuo nalibana, bado nawahitaji.) Akaiweka kwenye meza yangu ya kazi, katikati ya misumari.

"Papa, samedi usikose. Balisema kama muzazi hakuye mwenyewe, habatapa mutoto kadi ya kusomea kule."

"Jumamosi nitaenda mwenyewe," nikamwambia.

Akakimbia shuleni. Nikaichukua karatasi. Maneno mengi, yote marefu. Lakini moja lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa nyeusi: PORTES. Hilo nalijua kuliko jina langu. Pembeni yake: OUVERTES. Milango iko wazi. Basi nikaelewa. Mlango wao haufungiki, wanatafuta fundi miongoni mwa wazazi, ukiwatengenezea mtoto wako anapata kadi. Nikaona ni haki kabisa. Mengine sikuyasoma. (Ningeyasoma na nini?)

Leo asubuhi nikavaa koti la kazi, nikabeba sanduku la vyombo, nikaenda. Mlinzi wa getini akaniangalia juu mpaka chini.

"Papa, unakuya juu ya portes ouvertes?"

"Njo vile. Juu ya portes."

"Ingia. Uko wa kwanza."

Wa kwanza! Nikafurahi. Nikajua mafundi wengine bado wamelala.

Nikaufikia mlango wa maktaba, na kweli, ulikuwa wazi, umezuiliwa kwa tofali. Nikaondoa tofali, nikausukuma. Ukakwama njiani. Mvua zimeuvimbisha, unakwaruza sakafu mpaka umechora nusu duara. Nikasema moyoni, watu wa chuo kikuu ni wakweli, wameandika "ouvertes" na ni "ouvertes" kabisa.

Nikatoa bisibisi. Nikaung'oa kwenye bawaba, nikaulaza juu ya mabenchi mawili pale kando, nikaanza kupiga randa. Ndani kulikuwa na mama mmoja wa miwani, Mama Odette, mtunza maktaba, anatandika vitambaa mezani na kupanga maua. Akatoka nje, akaona fremu tupu.

"Papa, nani alikutuma?"

"Ni ninyi, mama. Juu ya portes."

Akafumba macho kidogo, kama mtu ambaye sala yake imejibiwa hatimaye. "Enfin, Seigneur," akasema, akarudi kwenye maua yake. Mimi ningejuaje kwamba walikuwa wanamngoja fundi mwingine tangu zamani?

Watu wakaanza kufika. Wamama wa sokoni na vitenge vya sikukuu, wazazi, walimu, wanafunzi wa sekondari. Wote wananiruka mimi na maranda yangu. Nikashangaa: mlango mmoja, na kijiji kizima kinakuja kuangalia? Nikaongeza juhudi. Clarisse akaingia na wenzake, sare nyeupe na bluu. Aliponiona na randa mkononi akasimama ghafla. Nikampungia mkono. Hakupunga.

Mkurugenzi wa maktaba akasimama ndani, suti imenyooka, akaanza hotuba. Mimi niko pale nje, hatua tatu kutoka kwake, randa inalia shwaa, shwaa. Alisema chuo si cha wanafunzi wake peke yao, ni cha mitaa yote inayokizunguka. Kisha akanyoosha mkono kwa madaha kuelekea mlangoni.

"Kuanzia leo, hii mulango iko wazi kwa bantu bote!"

Vichwa vyote vikageuka. Mlango haupo. Kuna tundu, na ndani ya tundu niko mimi, penseli sikioni, maranda kwenye nywele.

"Papa," mkurugenzi akauliza polepole, "uko nafanya nini na mulango yetu?"

Nikajibu kwa sauti, ili Clarisse asikie kwamba baba yake ametimiza ahadi:

"Monsieur le Directeur, muliandika portes ouvertes. Mi nakuya kuifunga."

Maktaba nzima ikalipuka kwa kicheko. Wamama walishikana mabega. Mwalimu mmoja alivua miwani afute machozi. Mama Odette ndiye aliyekuja kunieleza sikioni: "Papa, portes ouvertes ni siku ya kukaribisha bantu. Ni kusema tu karibuni." Nilitamani nijilaze chini ya ule mlango nijifunike nao.

Nikamwona Clarisse anainuka, anapita katikati ya watu. Nikajua anaondoka. Nikajua pia kadi imekwenda, na kwamba hatanisamehe. Akafika kwenye mabenchi, akashika upande wa pili wa mlango.

"Papa, shika kule. Tuirudishe."

Tukauinua, mimi na yeye, kama tunavyofanya nyumbani. Nikakaza bawaba. Nikausukuma kwa kidole kimoja, ukaenda taratibu, ukafunga: tak. Watu wakapiga makofi.

Mkurugenzi akasema, "Miaka tatu tunaandika mabarua juu ya hii mulango, hakuna muntu anakuya. Tunaandika invitation moja, na inatengenezwa."

Clarisse alipewa kadi ya kwanza. Kisha Mama Odette akachukua nyingine, akaniuliza mimi napenda kusoma nini. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui kusoma sana. Hakucheka. Akaniletea kitabu kikubwa cha michoro ya ngazi za mbao, zile za kuzunguka, ambazo sijawahi kuzijenga. Nimeelewa kila mchoro. Mama Odette, Mungu akubariki. Mkurugenzi, asante. Hamkutufukuza.

Sasa hivi niko humu ndani, nawaandikia kwa simu. Clarisse yuko mbele yangu na kitabu cha kemia, meza nzima ni yake peke yake. Hajainua kichwa tangu saa saba.

Ninyi mnaotaka kucheka, chekeni. Mlango nimeufunga mwenyewe, mtoto hatawasikia.