Chuma cha Kunyweshwa Maji

Jumatatu, 4 Agosti 1958. Kitangari.
Nimefika kwa lori kutoka Masasi. Vumbi mpaka kwenye meno. Na hawa watu hawajui nani amewafikia! Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, Nairobi, mwaka wa pili. Chuo kinataka karatasi kwamba nimefanya kazi ya umeme likizoni, na tajiri wa kazi ametia sahihi. Bila karatasi sirudi darasani. Mzee Shamte, mwenye duka hapa, amenunua jenereta. Amenikubali. Lakini kanipangia kazi na Mahmudu, fundi baiskeli, darasa la nne! Eti tusaidiane. Anisaidie nini?

Jumanne, 5 Agosti.
Taa zimewaka! Nimefunga mimi. Mahmudu kashika ngazi tu. Halafu Mzee Shamte akagusa mashine, ikampiga, kofia ikamruka. Nikamweleza kwa upole. Kuna chuma nimekizika ili umeme unaovuja uingie ardhini, ila mchanga wa huku ni mkavu mno, umeme haupiti. Kitabu kinataka udongo wenye unyevu. Mahmudu akadakia: tukizike nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanamwagika kila siku, hata migomba imestawi. Bafu! Sikusoma miaka yote hii nije kuzika chuma kwenye povu la sabuni. Nimemwambia afunge mdomo.

Jumatano, 6 Agosti.
Nimekimwagia chuma madebe mawili ya maji kutoka pipa la uani. Mashine ikatulia kabisa. Ushindi! Saa tisa ikaanza kupiga tena. Nikamwaga mengine manne. Pipa likaisha.

Kumbe maji hayo Mama Safari, mkewe Mzee Shamte, na binti zake waliyafuata bondeni, wakapanda nayo mlima kichwani siku tatu. Nani aliniambia? Hapa mtu ananawa mikono juu ya beseni, na yale maji anapewa mbuzi. Nimemwamkia Mama Safari shikamoo, hakuitikia. Akanipa debe na kata.
"Sita umemwaga, baba. Sita utarudisha."

Ijumaa, 8 Agosti.
Debe la pili. Shingo imeingia mabegani. Mwanamume peke yangu kwenye njia nzima, na wanawake wanacheka mpaka wanatua mizigo yao. Jana nusu ya maji iliniishia mgongoni, Mama Safari akakataa kulihesabu debe mpaka nilijazie. Leo bibi mmoja akaniambia niweke majani juu ya maji yasirukeruke. Nikamjibu kwamba najua. Sikuwa najua. Nilipompita nikachuma majani. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Jumanne, 12 Agosti.
Debe la sita! Narudi, namkuta Mzee Shamte ameegemea mashine, anakunywa kahawa. Haimpigi. Mahmudu kahamishia chuma nyuma ya bafu tangu Alhamisi, siku ileile niliyoanza kushuka bondeni! Na wote kimya! Nikauliza kwa nini wameniacha niteseke. Mama Safari akasema deni la maji halihusiani na mashine.

Nikameza hasira, nikampa mzee karatasi. Akasema ametoka kuswali sasa hivi, hawezi kuandika uongo. Akaandika: "Dunstan amechota maji siku sita kwa bidii na adabu." Sahihi, na muhuri wa duka juu yake! Miaka miwili ya chuo, na nimeandikiwa cheti cha mchota maji. Nusura nilie mbele ya Mahmudu. Naye, mshenzi yule, akanipa pole.

Alhamisi, 14 Agosti. Masasi.
Nimetulia, nimefikiri kisomi. Sahihi ipo. Muhuri upo. Kasoro ni neno moja tu. Nimechukua wembe wa baba, nikalikwangua "maji" taratibu, nikaandika "umeme". Sasa inasomeka: "Dunstan amechota umeme siku sita kwa bidii na adabu." Safi kabisa. Mhandisi yeyote ataelewa. Kesho asubuhi naipeleka posta.