Amplifaya Iliyolala kwa Kuku

Royce Tackett alimwona daktari wa meno kabla hajamaliza kahawa yake, akamshukuru Mungu kwa kuumba madaktari wa meno.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, katika hoteli ya Fort Worth ambako wapigaji wa gita la chuma wa Texas nzima hukutana mara moja kwa mwaka. Ukumbi wa chini ulijaa wazee wenye kofia pana, kila mmoja amekaa nyuma ya gita lake lililolazwa juu ya miguu minne kama cherehani. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, mguu mmoja unakanyaga pedali za kuvuta nyuzi, mguu mwingine uko kwenye pedali ya sauti, na magoti nayo yana kazi yake. Kandokando ya kuta zilipangwa amplifaya za kuuzwa, mpya kwa kuukuu, na mtu yeyote aliruhusiwa kuchomeka gita lake na kujaribu.

Daktari alikuwa anajaribu zote. Kibandiko kifuani kwake kilisema ni Dk. Lyndell Crouch wa Wichita Falls. Alichomeka, akapiga noti tatu zilizolia kama mlango wa stoo, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akachomoa na kuhamia ya pili. Noti zilezile, mlango uleule.

"Hii kavu," alimwambia muuzaji. "Ile pale ina matope. Na hii ina baridi, huisikii baridi yake?"

Kila amplifaya ukumbini mle ilikuwa na kasoro yake. Mikono ya daktari tu ndiyo ilikuwa salama.

"Verlene," Royce alimwambia mshirika wake bila kugeuka, "unaona ninachokiona?"

Verlene Stubbs alikuwa anakula chapati ya mahindi iliyofungiwa mayai na pilipili. Alimtazama daktari kwa muda, akitafuna.

"Naona mtu anayehitaji mwalimu."

"Ndiyo maana wewe hutatajirika. Mimi naona mtu anayehitaji amplifaya."

Sasa, kwa heshima ya historia, lazima tuitambulishe amplifaya yenyewe. Royce aliipata kanisani kule Sweetwater, kanisa lilipofungwa na wazee wake wakamwomba tu aiondoe. Ilikuwa na mvumo uliokuwa ukizomea mahubiri. Royce aliipikia uzee: akailowesha wiski kwenye kitambaa cha mbele, akaipulizia moshi wa sigara, akaichubua pembe kwa tofali, kisha akaiacha bandani kwa kuku wa shangazi yake hadi ikapata sura ya kitu kilichoona mengi. Mwisho akaitafutia baba. Akamzua fundi redio wa Lubbock, mwenye mkono mmoja, aliyetengeneza amplifaya chache sana maishani, zote kwa mapenzi, zote zikateketea kwa moto isipokuwa hii.

Mpiga gita la chuma hutaka sauti safi isiyo na doa. Mpiga gita la umeme la kawaida hutaka ikwaruze kidogo, iwe na moshi. Watu hawa wamegombana juu ya jambo hilo tangu umeme ulipoingia Texas, na hakuna amplifaya iliyowahi kuwaridhisha wote wawili. Kwa hiyo Royce alisema ya kwake inawaridhisha wote wawili.

Na hapa tuuseme ukweli wa mtu wetu, maana yeye mwenyewe hataki usemwe. Royce naye alikuwa mpiga gita la umeme. Mwaka uliotangulia, Jumamosi mchana, alipanda jukwaa la hoteli ileile, lililo wazi kwa yeyote, akapiga na bendi ya Hoyt Bledsoe, na katikati ya wimbo Hoyt alimjia kwa adabu nyingi na kuuchomoa waya wake. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi. Royce aliilaumu amplifaya. Tangu siku hiyo alikuwa amebadilisha amplifaya mara nyingi kuliko soksi, na alichokitaka duniani, kuliko fedha ya daktari yeyote, kilikuwa kupanda jukwaa lile amalize wimbo mmoja bila kuchomolewa.

Alifuta ndevu zake kwa leso, akaenda kwa daktari.

"Samahani, daktari. Nakuomba usinunue kitu humu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe una masikio."

Daktari alikiweka chini kile chuma chake. "Mke wangu anasema sina."

"Mke wako anapiga gita?"

"Hapigi."

"Basi."

Ilitosha. Walipofika chumbani kwa Royce, ghorofa ya juu, daktari alikuwa ameshasikia habari za fundi wa mkono mmoja na alikuwa anapumua kwa shida. Shuka la kitanda lilikuwa limetundikwa kukata chumba. Nyuma yake, Royce alieleza, kulikuwa na amplifaya tatu. Mbili zilikuwa mali yake, nzima na za maana, na moja ndiyo ile. Bibi huyu, Verlene, angepiga wimbo mmoja katika kila moja, na daktari achague kwa masikio yake mwenyewe, bila kuona.

"Mimi sitasema neno," alisema Royce. "Mimi ni nani?"

Verlene alikaa nyuma ya gita lake la chuma. Katika ya kwanza alipiga kama mtu anayejaza fomu za kodi. Katika ya pili alipiga kama mtu aliyelala akaamshwa. Katika ya tatu alifumba macho.

Wimbo ulikuwa uleule, wa taratibu, wa mtu anayeondoka na mtu anayebaki. Sauti ilitoka nyuma ya shuka ikapanda polepole, ikatetemeka kidogo huko juu, ikashuka bila haraka. Kule kuzomea kwa amplifaya hakukusikika, maana Verlene alijua pa kuiachia nafasi na pa kuifunika. Daktari aliangua kilio waziwazi. Royce, aliyejua mchezo wote, aliona vinyweleo vya mikono yake vimesimama. Miaka yote ya kufanya kazi na Verlene hakuwahi kumsikiliza, kwa kuwa siku zote alikuwa anauangalia uso wa mteja.

"Ile," alisema daktari. "Ya mwisho."

"Una hakika? Usije ukasema nilikushawishi."

"Nina masikio, bwana!"

Daktari alikwenda benki mbio. Royce alijitupa kitandani akacheka hadi viatu vikamtoka.

"Amenasa! Sikiliza, Verlene, kazi yangu ni sanaa. Wewe unakaa tu hapo unakanyaga pedali, hata mtoto anaweza. Ila kumwona mtu ndani ya moyo wake..."

"Si uijaribu na wewe?" alisema Verlene. Alikuwa anazifuta nyuzi zake kwa kitambaa. "Inaondoka mchana huu. Hutaiona tena."

"Mimi ndiye niliyeipeleka kwa kuku, Verlene."

"Kuku wanajua nini? Uliyasikia yaliyotoka humo. Chomeka tu, hakuna mtu hapa."

Royce alisitasita. Kisha akalitoa gita lake la umeme, akachomeka, akasimama akilitazama lile shuka, mgongo kwa Verlene, kama wapigaji wote wanavyosimama wakiitazama amplifaya badala ya kuitazama mikono yao. Akapiga noti ya kwanza. Akapiga ya pili, kwa hofu.

Angegeuka tu, hadithi hii ingeishia hapo. Angemwona Verlene akigusa nyuzi huku pedali ya sauti imelegezwa, hivyo mguso wenyewe hausikiki, halafu mguu unasukuma taratibu na sauti inaingia bila mlango, imeshafika kabla hujaiona. Ilitoka katika amplifaya nyingine, nyuma ya shuka lilelile. Kila Royce alipojikwaa, Verlene alimdaka. Alipokosa noti, ile sahihi ilikuwa imeshafika mahali pake.

Lakini Royce hakugeuka. Alisimama mdomo wazi, anasikia mikono yake mwenyewe ikisema mambo ambayo hakujua kwamba anayajua. Alipomaliza, machozi yalikuwa yameingia kwenye ndevu.

Mlangoni alisimama Mzee Harlan Teague, mpigaji wa zamani aliyekuwa akipita koridoni, kofia mkononi.

"Nani alikuwa anapiga?"

"Mimi," Royce alinong'ona.

Mzee Teague alimtazama Royce. Akamtazama Verlene, aliyekuwa anafuta nyuzi. Akautazama mguu wa Verlene.

"Ahaa," alisema, akavaa kofia yake akaenda zake.

Royce alikaa chini. "Verlene. Hatumuuzii."

"Tunamuuzia. Nusu ni yangu, na mimi nataka changu."

"Nitainunua nusu yako."

"Kwa nini unaitaka? Si takataka ya kanisani?"

"Ni mazoea tu," alisema Royce, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya biashara sauti yake ilitetemeka. "Nimeizoea. Chukua amplifaya moja kati ya zile nzuri."

"Zote mbili."

"Zote mbili! Haya, zote mbili."

"Na gari."

"Gari, Verlene? Gari langu?"

Verlene alianza kulikunja shuka polepole. "Daktari anakuja saa yoyote. Yeye hatauliza maswali mengi."

Royce alimpa funguo. Verlene alizipokea kwa huzuni kubwa, akatikisa kichwa, akasema, "Umenikamua, Royce, lakini basi tu, tumetoka mbali." Royce alijisikia vibaya kidogo kumpunja mwanamke asiyejua thamani ya kitu. Kidogo tu, kisha ikapita.

Daktari aliporudi na bahasha, Royce alimwambia haiuzwi. Daktari aliomba, akatishia, akaongeza dau, akataka hata kumtengenezea meno ya juu bure. Royce alikataa kwa uso wa mtakatifu. Verlene alimshika daktari mkono wakashuka wote ngazi, na Royce akawasikia wakicheka huko chini. Hakujali.

Jumamosi mchana Hoyt Bledsoe aliita majina ya wanaotaka kupiga na bendi. Royce aliiburuta amplifaya yake hadi jukwaani. Wazee wa mbele waliinama kuusoma ule uchakavu, na mmoja akaugusa kwa kidole kwa heshima.

"Ya Lubbock hiyo," alinong'ona mtu. "Ya yule fundi wa mkono mmoja."

Habari zilikuwa zimeenea. Royce alisikia na hata yeye akaamini, akasimama wima, akamwashiria Hoyt.

Noti ya kwanza ilitoka. Ya pili ikakwama. Ya tatu ikatoka peke yake kwenye ukumbi ule mkubwa, uchi, na chini yake hapakuwa na kitu chochote. Amplifaya ikaanza kuzomea. Royce alizungusha kitufe hiki, akazungusha kile, akaipiga teke la siri. Wacheza dansi walipunguza mwendo, kisha wakasimama. Royce akageuka nyuma, hakujua anatafuta nini, na hapo ndipo alipokiona: kiti cha mpiga gita la chuma, na juu yake mpigaji wa Hoyt aliyekunja mikono, mguu wake uko mbali na pedali. Alijua yote kwa mara moja.

"Kaka," Hoyt alimwambia sikioni, na mkono wake tayari uko kwenye waya. "Labda haijapata moto."

Royce alikwenda kukaa kwenye maegesho, juu ya amplifaya, mahali gari lake lilipokuwa. Akapiga simu.

"Ulikuwa unapiga chini yangu!"

"Habari ya mchana, Royce." Nyuma yake upepo ulikuwa unavuma na redio inaimba. "Niko njiani kuelekea San Angelo. Kuna bendi ya dansi pale, wananitaka kila wiki. Nilikosa gari tu."

"Umeniliza, Verlene. Mimi! Na daktari?"

"Daktari amenunua moja ya zile nzuri, kwa bei yake halali. Kila Jumanne atakuja nimfundishe kazi ya mguu. Nilimwambia kweli yote, akacheka, mtu mwema yule."

Gari moja liliingia, likamzunguka Royce, likatafuta nafasi kwingine. Alitaka kutukana, na matusi aliyo nayo yalikuwa mengi na mazuri, lakini lililotoka lilikuwa jambo jingine.

"Pale chumbani. Ni kiasi gani kilikuwa changu?"

Redio ya gari ikazimwa.

"Mwanzo," alisema. "Ile noti ya kwanza sikuigusa. Ilikuwa yako."

"Ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri sana, Royce."

Royce Tackett, aliyeuza uongo tangu ujana wake, aliunusa huo kabla haujamaliza kusemwa. Akaununua papo hapo, bila kuomba apunguziwe hata senti.