Ugonjwa Wangu wa Kumponya Evaline

Jumatatu, 21 Oktoba

Joto! Majaruba ya mpunga yamepasuka midomo yakisubiri mvua. Nimekunywa vikombe tisa vya maji kabla ya saa sita na koo bado kama pumba.

Habari kubwa: Evaline hataki kwenda. Mjukuu wangu, mke mwenzangu, aliyechaguliwa kusomea udaktari Mwanza hadi Usevya nzima ikapiga vigelegele! Ameketi juu ya kinu akaniambia kompyuta ilikosea. Huko watakuwapo watoto wa shule za maana, wanaojua kila kitu. Yeye wataona mara moja kwamba alikariri tu. Basi la Mwanza linaondoka Jumatatu ijayo. Tiketi ameificha chini ya godoro. Nimeiona. Sijaigusa. Nimeigusa kidogo.

Mimi shule sikuikanyaga. Herufi nilifundishwa na huyu huyu, akiwa darasa la tatu, kwa punje za maharage kwenye ungo. Aliyeweza kukifundisha kichwa hiki kusoma, aogope nini? Nataka kujua. Nimemuuliza woga unakaa wapi. Akasema tumboni. Nikabonyeza. Kulia hakuna kitu. Kushoto akacheka. Halafu akalia. Ajabu! Kumbe kicheko na kilio hulala chumba kimoja.

Nitamponya. Siku saba zinatosha. Mungu alimaliza dunia kwa sita.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimefikiri, nikajua: ni damu. Anaogopa damu!

Nimemkabidhi jogoo na kisu. Jogoo mwekundu anayelala kwangu, kwa hiyo nahesabu ni wangu. Evaline akachinja, akapasua, mkono hautetemeki. Akanionyesha moyo. Kumbe una vyumba vinne! Kuku ana vyumba vinne, mimi nalala kimoja na magunia ya mpunga. Nikauliza nyongo ni ya kazi gani, akaeleza. Utumbo una urefu gani, tukaupima kwa kamba. Saa nzima hatukukumbuka woga.

Basi si damu.

Jirani yangu Rozalia akatokea na harufu ya mchuzi. Rozalia ni mwenyekiti wa Jumuiya yetu ya kanisa, na mjukuu wake Sospeter anauza kwenye duka la dawa Mpanda, basi yeye anamwita dokta. Nikampa bakuli. Akala, akasifu, akaramba kidole. Kisha akauliza kama nimemwona jogoo wake mwekundu.

Nikasema huku jogoo wanapita wengi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Jana nilipumzika. Nakojoa mno siku hizi, ni haya maji. Kidole cha mguu nilichokikata kwa jembe Agosti bado kinaringa kupona. Nakipaka asali ya Ugalla na kukifunga kitambaa. Siri yangu.

Leo mbinu ya pili: Evaline apate mgonjwa. Nimemwita Nyanzala, mtani wangu, Msukuma wa ng'ambo ya kisima. Nikamwagiza aje na ugonjwa mmoja tu. Kichwa.

Amekuja na mitano! Kichwa, kiuno, jicho, kwikwi, na mimba ya miezi minne. Ana miaka sitini na sita, na mumewe tulimzika kabla Evaline hajazaliwa. Nikamkonyeza aache. Akasema na jicho la pili nalo limeanza.

Evaline hakumcheka. Akamuuliza kila kimoja kilianza lini, kinauma vipi, kinahamia wapi. Maswali mazuri mpaka mimi nikatamani kuumwa. Mwisho akasema: mama, mimi sijui, nenda zahanati.

Sijui! Nilitaka kuzama ardhini. Mganga hasemi hajui. Hata yule muuza dawa wa mnadani, akiishiwa, anasema ni minyoo. Nyanzala alipoondoka nikamfokea mtoto. Akanitazama akasema, unaona sasa, Bibi? Sijui kitu. Akaingia ndani.

Nimemharibu zaidi. Lazima nitoe dawa kali.

Jumamosi, 26 Oktoba

Dawa kali ni mimi mwenyewe. Nimeugua.

Nilijilaza mkekani saa tatu asubuhi, nikajifunika kitenge, nikaanza kuguna. Nilichosahau: huu ni mwezi wa Rozari, Jumuiya inasali nyumba hadi nyumba. Rozalia kusikia tu naumwa, akaihamishia Rozari kwangu! Watu kumi na wanane. Mmoja ameshaleta unga, kama kilioni.

Halafu Nyanzala. Hakujua ni uongo. Mtani ana kazi yake kwa mgonjwa, akaja nayo: fito mkononi, akanipima kutoka utosini hadi kisigino, akatangaza kwa sauti kwamba mtumwa wake ni mfupi, wachimba kaburi watawahi chakula. Akauliza nani anarithi sufuria. Rozalia akamnyamazisha, Salamu Maria ikakatika katikati. Mimi nikacheka! Mgonjwa mahututi, mbavu zinaruka chini ya kitenge.

Evaline peke yake hakucheka. Alikuwa miguuni kwangu. Amefungua kitambaa. Akainama, akanusa.

Akauliza naamka mara ngapi kukojoa. Nikamwambia aone haya, mbele ya Jumuiya! Akageuka akawaambia wote watoke. Wote! Na Rozalia na rozari yake. Sauti ile sijawahi kuisikia kwake. Wakatoka kama kuku.

Nikanong'ona kwamba nilikuwa naigiza. Akasema kidole hakiigizi. Akasema: sijui ni nini hiki, Bibi, lakini namjua anayejua. Akaita bodaboda, tukapakiana watatu na dereva.

Zahanati kuna tabibu Marselino. Akanitoboa kidole cha mkono, akaweka damu kwenye kimashine. Sukari! Imejaa mwilini kama gunia. Akasema kidole kingekaa wiki mbili zaidi kingekatwa, pengine na mguu. Akauliza nani alikigundua. Evaline akatazama sakafu.

Kisha aibu ya mwaka. Kabla ya kuandika dawa, tabibu akatoa kitabu mezani. Akalamba kidole, akafunua kurasa, akasoma! Mbele yangu! Nikamuuliza, baba, unafanyia mtihani kwenye mwili wangu? Akacheka, akasema yuko kazini miaka kumi na sita na kitabu hakijawahi kupoa.

Evaline alikitazama kitabu kile kama mimi ninavyotazama pilau. Akamuuliza kama inaruhusiwa. Tabibu akamjibu amwogope asiyefungua. Mtoto akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo. Pumzi ya nini? Mimi nilikuwa nahesabu vidole vyangu.

Jumapili, 27 Oktoba

Balaa! Sasa Evaline anasema habaki kwa woga, anabaki kunihudumia. Kidonda kisafishwe kila siku, nani atanipeleka? Nimempa kisingizio chenye heshima! Na basi linaondoka kesho alfajiri. Nimejichimbia shimo kwa jembe lile lile.

Nikamwambia najiweza. Nikatembea kumwonyesha. Nikaanguka kwenye ungo.

Ilibaki njia moja, chungu kuliko shubiri. Nimekwenda kwa Rozalia, nikichechemea. Nikamwomba awe ananipeleka zahanati kila asubuhi. Akakunja mikono. Akasema atafanya, tena kwa moyo, ila kwanza kuna jambo la jogoo.

Nikakiri. Uani kwake, mchana kweupe, mbele ya wakwe zake. Akauliza na ule mchuzi? Nikasema ndiyo, na ule mchuzi. Akakunjua mikono. Akasema hata hivyo ulikuwa mtamu. Kisha akaja mwenyewe kwangu, akamwapia Evaline mbele ya msalaba kwamba nitafikishwa zahanati hata kwa kuburutwa.

Evaline akatutazama wote wawili. Akainua godoro, akatoa tiketi. Akaikunjua, akasoma saa ya kuondoka. Nikamuuliza woga umekwenda wapi. Akasema hauendi popote, Bibi, upo pale pale kushoto, nitasafiri nao.

Maneno ya ajabu. Nimembonyeza kuhakikisha. Kweli upo.

Jumatatu, 28 Oktoba

Ameondoka. Ameniachia daftari jipya la kuandika kila ninachokula na kunywa. Sikulia. Vumbi la basi lilikuwa jingi, hata Rozalia lilimwingia.

Jumatatu, 4 Novemba

Evaline amepiga simu! Mwalimu wao mkuu alimuuliza swali mbele ya watu mia mbili. Mtoto akasimama, akasema hajui, atatafuta kitabuni. Mbele ya mia mbili! Anasema alipoketi, binti wa pembeni, wa zile shule za maana, alimnong'oneza asante, maana naye hakujua. Sasa wanasoma pamoja. Anacheka anaponieleza.

Nimemkanya vikali. Nimemwambia akiulizwa tena aseme minyoo.

Kwa vyovyote, nimemponya. Ule ugonjwa wangu wa mkekani ndio uliofanya kazi, mengine ni kelele. Nimemweleza Rozalia hivyo njiani, akaniuliza na kitabu cha tabibu je? Nikamwambia yule kijana bado anajifunza, tumsamehe.

Kidole kinapona. Daftari la Evaline nimejaza: asubuhi, chai kavu. Na ni kweli, sukari sikutia. Nimetia asali vijiko vitatu. Sukari inatoka dukani, asali inatoka kwa nyuki wa Ugalla, hawa hawajuani kabisa. Kibuyu nakificha nyuma ya magunia, Rozalia ana pua.

Mtoto akirudi likizo itabidi apate mazoezi. Nimeamua nitaugua kifua. Leo nimeanza kujifunza kukohoa.