Maharage Chini ya Mablanketi

Jumatatu, 4 Mei
"Jiko moja haliwezi kuharibu hewa ya dunia nzima." Kauli ya Shemeji, kaka wa mke wangu na mpishi mkuu wa kantini yetu hapa kiwanda cha biskuti, huku gesi inaunguruma asubuhi nzima kwa sufuria moja ya maharage. Upuuzi! Majiko ya dunia ni nini kama si moja, na moja, na moja? Nimemweleza Meneja: maharage yachemke kidogo, sufuria ifungwe mablanketi, yajiivishe kwa joto lake. Amekubali tujaribu Alhamisi. Nikishindwa, usimamizi wa kantini unatoka kwangu, unakwenda kwa Shemeji. Nishindwe? Mimi?

Jumanne, 5 Mei
Jaribio nyumbani. Mke wangu alikaa mbele ya sufuria akishona, akanikatalia kabisa kuchungulia. Yameiva! Laini kama siagi. Ushindi wa sayansi.

Jumatano, 6 Mei
Nimekusanya mablanketi. La mama mkwe nimelichukua bila kumsumbua kwa kumwomba. Shemeji kauliza kama maharage yana homa. Nikamjibu mwenye homa ni dunia, na yeye ndiye mbu.

Alhamisi, 7 Mei
Yamechemka, nimefunika. Shemeji kaninong'oneza: shemeji yangu, usifunue, joto litatoroka. Anifundishe mimi! Nikafunua palepale. Nikafunua tena Meneja alipopita, aone. Kisha mhasibu, naye aone. Kisha peke yangu, kwa kuhakikisha tu. Mchana: kokoto! Fundi mitambo kauliza kama ni chakula au tunajenga. Shemeji akawasha gesi mpaka alasiri. Tumechoma gesi nyingi kuliko siku zote. Kosa lake, nani aliwasha?

Ijumaa, 8 Mei
Kantini imekwenda. Na tazameni wizi! Shemeji kafunika maharage kwa mablanketi yangu, kafungia stoo, ufunguo katia mfukoni. Mchana yameiva. Watu wamempigia makofi! Nyumbani, mama mkwe anauliza kwa nini blanketi lake linanuka vitunguu. Nimemwelekeza kwa mwanawe, mpishi.

Sikati tamaa. Ninyi wafanyakazi mliopiga makofi, nawaambia: Jumatatu msiguse sahani. Simameni, mdai nirudishiwe kantini yangu. Na kabla ya yote, mdai ufunguo wa stoo. Maharage yanakaa gizani asubuhi nzima, na hakuna mtu hata mmoja wa kufunua kidogo akaona yanaendeleaje!