Jimbo Lisilo na Kero

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, baada ya hotuba na kabla ya soda, kwamba kuanzia siku hiyo jimbo litakuwa halina kero hata moja. Mheshimiwa Mbunge alifafanua kuwa kero haiji yenyewe. Huletwa na mtu, na mtu ana nyumba. Kwa hiyo, badala ya kuhangaika na kero, mpaka wa jimbo ndio utakaohamishwa. Atakayelalamika, nyumba yake itakatwa na kuunganishwa na jimbo jirani, bila gharama kwa mlalamikaji. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na Mheshimiwa hakutaka kupigiwa kura na watu wenye vinyongo.

Kazi hiyo nyeti alikabidhiwa Afisa Mipaka, mtu aliyepiga pasi hadi soksi. Alipewa vigingi, gunia la chokaa na ofisi yenye dirisha la kupokelea kero. Aliipenda kazi yake. Kila alipochomeka kigingi alirudi nyuma kidogo, akafumba jicho moja, akaridhika.

Wa kwanza dirishani alikuwa fundi cherehani, mama mwenye tepu shingoni.

"Bwana Afisa, mtaani kwetu maji hayatoki. Yalikatika kitinda mimba wangu ananyonya, na sasa anatafuta mchumba."

"Hiyo ni taarifa au ni kero?"

"Ni kero, baba. Tena imeshaota ndevu."

"Imepokelewa."

Jioni chokaa ilipita nyuma ya banda lake. Mbunge wa jimbo jirani, ambaye alikuwa na ugonjwa wa kuchimba mitaro, akamletea bomba. Haikuchukua muda fundi cherehani akaonekana anaosha hadi kizingiti cha mlango, tena kwa madaha.

Habari hizo hazikuhitaji kipaza sauti. Dirisha likafurika. Wasio na kero waliazima kwa majirani. Kinyozi alilalamikia mkewe kukoroma, ikapokelewa, kwani kanuni haikutaja aina. Mzee mmoja mstaafu alisema yeye hana kero yoyote, na jambo hilo linamkera sana. Akakatwa pamoja na mtaa wake mzima.

"Walalamikaji wanapungua?" Mheshimiwa aliuliza kwa simu.

"Wanakwisha, Mheshimiwa."

"Safi sana. Kaza uzi."

Nyumbani kwa Afisa, mkewe alikuwa akivuka chokaa kila siku na ndoo kichwani, kwenda kuomba maji kwa fundi cherehani.

"Baba Watoto, na sisi tunalalamika lini?"

"Mtumishi wa umma halalamiki, mke wangu. Anatekeleza."

"Basi tekeleza hii ndoo mpaka jikoni."

Aliibeba. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Mkewe alishika kiuno, akajinyoosha polepole, na Afisa aliona aibu. Mwenye vigingi alikuwa yeye, na mwenye mgongo mbovu alikuwa mkewe.

Siku ya kuzindua kampeni Mheshimiwa alifika uwanjani akamkuta Afisa Mipaka peke yake, kasimama wima. Ng'ambo ya chokaa umati ulikuwa umejaa, umeoga, unatazama.

"Watu wangu wako wapi?"

"Wale pale, Mheshimiwa."

"Warudishe."

"Kanuni uliyosaini haina kurudisha."

"Wewe una akili timamu? Nitapigiwa kura na nani? Jimbo gani hili halina watu?"

Afisa alirekebisha kola. Alifikiria ndoo.

"Mheshimiwa, hiyo ni taarifa au ni kero?"

"Ni kero! Kero kubwa!"

"Imepokelewa."

Jioni hiyo chokaa ilipita nyuma ya geti la Mheshimiwa. Kwa kuwa mbunge lazima aishi jimboni mwake, kiti kilikuwa wazi kabla chokaa haijakauka. Kisha Afisa alirudi ofisini, akasimama nje ya dirisha lake, akasema kwa sauti kwamba mgongo wa mke wake umechoka. Akazunguka, akaingia ndani, akaketi, akapokea. Jimbo likawa halina kero hata moja, kama ilivyoahidiwa.

Asubuhi Mheshimiwa alitokea bombani na ndoo mpya, bei bado imebandikwa. Lile lori la serikali lililokuwa likimjazia tangi halikuruhusiwa kuvuka mpaka. Akapita moja kwa moja hadi mbele.

"Nyuma, baba," alisema fundi cherehani.

"Unajua mimi ni nani?"

"Tunakujua sana. Jirani yetu mpya."

Foleni ilikuwa ndefu na jua lilishaanza kuchoma. Mheshimiwa akafungua mdomo alalamike. Hapo akamwona Afisa Mipaka amesimama na ndoo ya mkewe, na kando ya ndoo lile gunia la chokaa.

Akafunga mdomo, akaenda nyuma.